Ruzuku ya sola ya kumwagilia na kurudisha udongo: kuna mtu Arusha au Moshi amewahi kupata kweli?

NyanyaMeru
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja maana nimechoka kuzungushwa. Mimi niko huku Maji ya Chai kwa ndani ukielekea King'ori, nalima eka mbili za mzee, eka moja nyanya na hoho, nyingine napokezana mahindi na maharage. Maji natoa kwenye kisima, fundi alichimba mita 38, maji yenyewe yanasimama mita 22, napandisha kwa genereta ya petroli na pampu ya kuzama. Kiangazi kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi genereta inanguruma masaa matano kwa siku, lita tano zinaondoka, hapo ni elfu kumi na tano na ushee kila nikimwagilia, na soko la Tengeru halina habari na petroli yangu, tenga likishuka bei limeshuka.

Halafu la pili, udongo umechoka. Miaka mitano nyuma naweka DAP ya kupandia mfuko mmoja na yurea kidogo mambo yanaenda, sa hivi naongeza mbolea na mavuno yanapungua. Nikimwagilia kukikauka juu panabaki kama ganda hivi lina weupe weupe, na mvua ikipiga maji yanatembea juu juu hayazami.

Sasa juzi kwenye simu nikakutana na habari za ruzuku za nishati shambani na afya ya udongo, mkulima anafungiwa sola nusu ya gharama analipiwa, anapewa na hela ya kupanda mazao ya kufunika ardhi. Nikasema kumbe mwenzenu nimelala. Nimeuliza ofisi mbili tatu, kila moja inanielekeza kwa mwenzake.

Swali langu, kuna mtu wa Arusha au Moshi amewahi kupata ruzuku, sio mkopo, RUZUKU, ya sola ya kumwagilia au ya kurekebisha udongo? Alianzia wapi? Nawasilisha.

ArifuWaNgaramtoni
Ruzuku zipo arifu, ziko semina. Unaenda unapewa daftari, kalamu, soda na nauli, unarudi shamba udongo ni ule ule 😂😂

MamaVikoba_UsaRiver
Arifu mwenzio ana shida we unaleta mizaha.

@NyanyaMeru mdogo wangu, mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama, tulipata ruzuku ndogo ya kitalu cha miche na matanki, kwa hiyo nakwambia nilichokiona sio cha kuambiwa. Mtu mmoja mwenye eka mbili akapewa ruzuku mkononi, mimi sijamwona bado. Wenye hela hawana muda wa kumfuatilia mtu mmoja mmoja. Wanataka kikundi, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au asasi, iwe na usajili, katiba, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na mihtasari ya vikao, tena mihtasari yenye tarehe za kweli, sio mmekaa jana usiku mkaandika vikao vya mwaka mzima kwa peni moja, wanaona.

Kwa unachotaka wewe angalia ule Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, yaani Mfuko wa Mazingira Duniani, unasimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza duniani 1992 na hapa kwetu upo. Kiwango cha juu kwa miaka mingi kilikuwa dola 50,000 kwa mradi mmoja, na mambo yao ni tabianchi, uharibifu wa ardhi, bioanuwai, kwa hiyo sola yako na udongo wako vyote vinaingia mlangoni. Ila wanaipa jumuiya. Ukiandika "naomba pampu ya shamba la mzee wangu" hawafiki ukurasa wa pili.

Fungu la asilimia 10 la halmashauri, yaani 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, watu wengi wanaliita ruzuku na ndio maana wanagombana na maafisa baadaye. Ule ni MKOPO. Hauna riba, lakini unarudishwa. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, na unapita kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Mfuko wa Pembejeo ule wa sheria ya 1994 nao ni mkopo, TADB, ile benki ya maendeleo ya kilimo, mkopo. Sisemi ni mbaya, nasema usije ukapanga bajeti ukidhani hela hairudi.

Na kitu ambacho hakuna mtu alituambia mapema ni mchango. Ruzuku ya mia kwa mia mimi sijaiona. Sisi walituhesabia nguvu kazi, mawe, eneo la kitalu, halafu wakataka na taslimu kidogo, hapo wenzetu sita wakapotea hatujawaona hadi leo. Halafu hela inakuja kwa awamu, mkitumia ya kwanza mnapeleka risiti, risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, sio kikaratasi cha kuandika kwa mkono. Sisi awamu ya pili ililala hadi masika yakapita kwa sababu ya risiti MOJA ya mchanga, mwenye lori hana mashine. Mchanga tu.

NyanyaMeru
Duh. Asante sana dada, hii ya mchanga imeniuma kama ni mimi. Sasa ile ya kulipiwa nusu niliyoisoma ni ya wapi, maana walieleza kabisa na asilimia.

MangiWa_Marangu
Hiyo ni ya Marekani mangi. Shemeji yangu anafanya kazi kwenye shamba la mahindi huko Iowa, likizo alinisimulia usiku mzima. Inaitwa REAP, iko chini ya wizara yao ya kilimo, USDA, ni ya wakulima na biashara ndogo za vijijini za huko huko kwao. Zamani walikuwa wanabeba asilimia 25 ya gharama, ile sheria yao ya 2022 ikaruhusu mpaka 50. Ya udongo ni nyingine, EQIP, hiyo ndio inamlipa mkulima kwa kupanda mazao funika na kadhalika.

Ila sikiliza kitu kilichonichekesha. Hata kule hawakupi hela ukanunue. Unaomba, unasubiri wakubali, unajenga kwa hela yako au ya benki, mtambo ukishawaka ndio wanakurudishia fungu lao. Na kama unaomba ili upunguze matumizi ya umeme, kubadilisha mota, feni za ghalani n.k., wanataka kwanza mtaalamu aje apime unatumia nishati kiasi gani sasa hivi. Yaani mzungu naye anaambiwa leta karatasi. Mimi nilidhani ni sisi tu.

Kiborloni_Mkweli
Naongezea kwa uchungu. Ukiona mtu anakuletea fomu ya ruzuku ya nje halafu anataka "ada ya usajili" au "hela ya kufuatilia", kimbia. Mimi mwaka juzi nilitoa laki na nusu kwa jamaa aliyejiita mshauri wa maandiko, suti safi, laptopu, anaongea na simu Kiingereza mbele yangu. Tulikuwa watu kumi na moja mtaani kwetu. Andiko alilotuonyesha limeandikwa ufugaji wa samaki na sisi tumeomba sola. Nilipomuuliza akasema ni makosa ya printa. Printa!!

ArifuWaNgaramtoni
Makosa ya printa 😂😂😂 nimekufa

FundiSolaChuga
Tuache ruzuku kidogo maana hapa watu wanaomba hela ya kitu hawajajua ukubwa wake. Mwenye kisima, nguzo ya umeme iko umbali gani na shamba? Jibu hilo kabla sijaenda mbali.

NyanyaMeru
Iko kama mita 600 fundi, barabarani kule.

FundiSolaChuga
Basi sawa, tuendelee na jua. Nimeuliza kwa sababu kuna watu wanasubiri ruzuku ya sola miaka mitatu na nguzo inawaangalia. Kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000 kama uko karibu na nguzo, na uniti ya kawaida inakuja kama 350 na kitu. Pampu ya eka moja inakula uniti nne kwa siku, hiyo ni elfu moja na mia nne au tano, linganisha na elfu kumi na tano yako ya petroli. Mita 600 lakini ni nguzo nyingi, hapo utalia.

Haya hesabu yako. Eka moja ya mboga kiangazi inakunywa kama milimita 5 kwa siku, eka ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni lita 20,000 kwa siku, sema mita za ujazo 20. Maji yanasimama mita 22, ukivuta yatashuka, tuweke 28, ongeza mnara wa tanki mita 4 na msuguano wa bomba mita 2, jumla 34. Nguvu ya kuyanyanyua maji hayo ni 20 mara 34 mara 2.725 gawa kwa elfu, unapata kama 1.85 kWh, yaani uniti. Pampu ndogo nzuri inafanya kazi kwa asilimia 45 hivi, kwa hiyo inahitaji kama 4.1 kWh kwa siku. Jua letu hesabu masaa matano ya nguvu, unapata wati 820, ukitoa joto, vumbi na waya, weka 1,100. Yaani PANELI MBILI za wati 550. Mbili! Watu wanakuja kwangu na profoma za paneli nane wameandikiwa na muuzaji.

Mimi ningekwambia funga tatu, kwa sababu wa sita na wa saba huku Meru na Kilimanjaro mawingu yanakaa mpaka saa sita mchana, na paneli siku hizi ndio kitu rahisi kuliko vyote kwenye mfumo. Betri usinunue. Hifadhi maji, sio umeme, simtanki ndio betri yako. Pampu chukua yenye kontrola yake, inayopokea umeme moja kwa moja kutoka kwenye paneli, na isiwe na uwezo wa kuvuta kuliko kisima kinavyojaza, kwa hiyo tafuta ile karatasi ya majaribio ya kisima ambayo fundi aliyechimba alikupa. Kama hakukupa mtafute.

Na wale wenye visima vifupi mnaoteremsha pampu ya petroli chini kisimani kwa kamba sababu haivuti kuanzia mita saba nane, achaneni na hiyo kitu. Moshi wa injini unajaa kisimani, na ile gesi yake ya sumu haina harufu ya kukushtua, anayeshuka kuzima harudi. Mwaka haupiti bila kusikia.

BabuLyamungu
Vijana nimewasoma toka mwanzo. Mimi nimestaafu, nina kihamba changu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, huku Machame chini ya Lyamungu na kishamba kingine chini Kahe, kwa hiyo udongo wa aina mbili unanifundisha kila siku.

Kijana wa nyanya, wewe umeuliza pampu na udongo kama vitu viwili. Mimi nakwambia hiyo ganda nyeupe uliyoitaja inanitisha kuliko petroli yako. Jirani yangu Kahe alifungiwa sola, maji yakawa ya bure, na kitu cha bure kinamwagwa. Zamani alikuwa anamwagilia kwa kubana sababu ya dizeli, sasa pampu inavuta asubuhi mpaka jioni. Misimu mitatu tu. Sehemu ya juu ya shamba ikawa inang'aa kama imemwagiwa unga, chini yake ngumu kama sakafu. Maji yake yalikuwa na chumvi ya sodiamu na hakuna mtu aliyeyapima kabla ya kufunga, walipima wingi tu. Sodiamu inazitawanya zile chembe ndogo za udongo, zinaziba matundu, ndio maana maji yanatembea juu. Na huko kwenu Maji ya Chai maji yanajulikana, floraidi ipo mpaka kwenye meno yenu, na maji yenye floraidi nyingi huko Meru kwa kawaida yanakuja na sodiamu pamoja. Ukifungiwa sola leo bila kupima, utakuwa umeomba ruzuku ya kuharibu shamba haraka zaidi.

Kwa hiyo kabla ya andiko peleka sampuli. Udongo unachimba sentimita 20, sehemu kumi na tano mpaka ishirini ukitembea zigizaga, usichukue penye rundo la samadi wala chini ya mti wala njiani, unachanganya kwenye ndoo ya plastiki isiyowahi kuwekwa mbolea, unagawa nne unatupa robo mbili zinazotazamana, unarudia mpaka ubaki na nusu kilo, unaanika kivulini. Eka ya nyanya peke yake, ya mahindi peke yake, usichanganye. Maji weka kwenye chupa safi uliyoisuuza kwa maji hayo hayo, acha pampu itembee kwanza nusu saa. Huku kwetu TaCRI Lyamungu, wale wa utafiti wa kahawa, wana maabara, wewe uko karibu na TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo, ulizia hapo, wakishindwa kipimo fulani Mlingano Tanga ndio makao ya utafiti wa udongo. Waambie unataka pH, kaboni hai, fosforasi, na kwa maji EC (wingi wa chumvi zote) na SAR (sodiamu ikilinganishwa na kalsiamu na magnesiamu). Ukiandika hivyo vitano kwenye karatasi hawatakuzungusha.

NyanyaMeru
Shikamoo babu. Asante sana. Nilikuwa nimeshaanza kuongea na mtu wa paneli aisee, namsimamisha. Ila babu, na fosforasi tena? Si naweka DAP kila msimu.

BabuLyamungu
Marahaba mwanangu. Unaweka, lakini udongo wa majivu ya volkano, huu wa Meru na wa huku mlimani, una tabia ya kuikamata fosforasi na kuing'ang'ania, mmea unabaki unaitazama. Ndio maana kutawanya mbolea juu ni kupoteza, weka kwenye shimo karibu na mzizi ukichanganya na samadi iliyooza, samadi inasaidia kuiachia. Na kabla hujajua pH usiende kununua fosfeti ya Minjingu kwa sababu jirani amefanikiwa nayo, ile inayeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, wako kwa hiyo ganda sidhani. Yurea nayo ukiimwaga juu kwenye udongo wa magadi inaruka hewani, ile harufu unayoisikia asubuhi ndio hela yako hiyo inaondoka.

Sasa nikuulize swali la kizee. Mabua ya mahindi na majani ya maharage baada ya kuvuna yanaenda wapi?

NyanyaMeru
Nauza babu 😅 wanakuja na fuso kutoka Moshi wanachukua yote, ni hela ya haraka.

BabuLyamungu
Nilijua. Hata mimi nilikuwa nafanya hivyo miaka. Mabua ya Kahe nabeba yanapanda mlimani, yanalisha ng'ombe wa ndani, samadi inakaa kwenye migomba na kahawa. Kihamba kinanenepa, shamba la chini linakonda, halafu tunasema ardhi ya tambarare haina baraka. Haina baraka na tumeifyonza? Hakuna gari hata moja linalorudi chini na mavi. Wewe unauza udongo wako kwa fuso na unaomba ruzuku ya kuununua tena.

MangiWa_Marangu
Babu hiyo imenipiga mimi kabisa, nina ng'ombe watano na mabua yote natoa chini. Sijawahi kufikiri upande huo.

BabuLyamungu
Watano? Basi wewe una mtambo wa biogesi umesimama. Mtambo wa kaya wa mita 6 za ujazo unataka samadi kilo 40 mpaka 60 kwa siku na maji kiasi hicho hicho, ng'ombe wa ndani wanne wanatosha. CAMARTEC, kile kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini pale Arusha, ndio walisimamia mpango wa biogesi wa taifa ulioanza 2009, mafundi waliofunzwa wakati ule wapo bado vijijini kwetu. Mama anapikia gesi, haendi kuni, na ile tope inayotoka naitrojeni yake ipo. Mimi naichanganya na majani makavu ya migomba inakuwa mboji, naweka kwenye magunia, ndio napeleka Kahe. Hiyo ndio nishati na udongo kwa pamoja na haina andiko.

FundiSolaChuga
Babu nakubali ila niweke sawa kabla hawajaja kwangu, biogesi ya ng'ombe wanne ni ya jikoni. Msianze kuota ya kuendesha pampu ya mita 34. Nishaulizwa mara tatu.

BabuLyamungu
Sawa fundi. Sikusema pampu.

MamaVikoba_UsaRiver
Na mimi niongeze ya makaratasi, kwa kuwa babu kamalizia ya udongo. Kisima cha kumwagilia kinatakiwa kibali cha kutumia maji, kwa upande wetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi iko Moshi. Mfadhili ataulizia. Na shamba ni la mzee, kwa hiyo andaeni muhtasari wa kikao cha familia kwamba unaruhusiwa kulitumia kwa miaka kadhaa, usainiwe na upite kwa mtendaji wa kijiji. Nimeona mradi wa watu unakufa kwa sababu kaka mkubwa alirudi kutoka Dar akasema paneli zikae kwake.

NyanyaMeru
*(wiki nne baadaye)*
Wakuu narudi. Samahani kukaa kimya, maabara ilichukua muda na mimi nilikuwa na mavuno. Majibu ndio haya. Udongo wa nyanya pH 8.4, kaboni hai asilimia 0.9. Wa mahindi pH 7.3, kaboni 1.4. Maji EC 0.9, SAR 11. Babu nisomee, mimi nimeelewa tu kwamba sio nzuri.

BabuLyamungu
Ulikuwa ni udongo mmoja ule mwanangu, eka mbili za mzee mmoja. Unaomwagilia umefika 8.4, usiomwagilia 7.3. Hapo huhitaji mtaalamu, kisima ndio kimefanya tofauti.

SAR 11 na EC 0.9, sio ya kufukia kisima, ila ni ya kuwa makini. Ajabu yake ni kwamba sodiamu ikiwa juu na chumvi nyingine ziko chini ndio ganda linashika zaidi. Utahitaji jasi, na jasi haiko mbali, inachimbwa Makanya kule Same, inapita barabarani kwenye malori kwenda viwanda vya saruji. Kalsiamu ya jasi inaiondoa sodiamu kwenye udongo, halafu lazima maji mazuri yaioshe ishuke chini, kwa hiyo unaweka kabla ya masika, mvua ndio ikufanyie kazi. Kiasi waulize maabara wakupigie hesabu kwa namba zako, usikadirie. Samadi weka kwa wingi. Mabua ya eka ya mahindi mwaka huu yabaki, yatandaze kwenye nyanya. Na kama mna zamu ya mfereji, changanya maji, siku za zamu usiwashe kisima kabisa.

FundiSolaChuga
Na kama utatumia dripu, ile mipira ya kumwagilia kwa matone, itaziba. Maji ya magadi ya hivyo yanaacha chokaa kwenye matundu, panga kusafisha mipira kwa asidi laini kila baada ya wiki kadhaa na uweke chujio. Paneli mbili zinatosha kabisa, ya tatu niliyosema achana nayo kwanza. Sikutaka kusema hivi kibiashara ila kwa maji hayo sitaki uvute zaidi ya unachohitaji. Nitakufungia na swichi ya tanki, likijaa inakata.

ArifuWaNgaramtoni
Fundi anakataa kuuza paneli, leo nimeyaona 😂 halafu kwa hiyo ruzuku ndio basi?

NyanyaMeru
Sio basi arifu, imegeuka. Nimekaa na majirani, tuko tisa tuna visima ukanda ule ule na wanne wana ganda kama langu, hawakujua ni nini, mmoja alikuwa anasema ni mbolea feki. Tunasajili kikundi. Andiko haliombi pampu tisa, linaomba kupimiwa maji na udongo wote tisa, jasi, na sola kwa visima ambavyo maji yake yamekubali. Kama kisima cha mtu SAR imezidi sana hatumfungii, tumekubaliana na imeandikwa kwenye muhtasari, wawili wamenuna ila wamesaini.

Mimi mwenyewe sisubiri. Nimeuza genereta na nimeongezea hela ya hoho, nafunga paneli mbili kwa eka moja. Hiyo dada ndio mchango wangu, au sio? Wataihesabu?

MamaVikoba_UsaRiver
Wengi hawahesabu ulichotumia kabla ya kusaini mkataba, kwa hiyo usiiweke kama mchango, iweke kama ushahidi, piga picha, andika kila siku umevuta lita ngapi na ulikuwa unachoma petroli kiasi gani. Hiyo daftari ina thamani. Majibu ya maabara yabandike nyuma ya andiko, yale ya pH mbili za shamba moja yaweke ukurasa wa kwanza kabisa, mtu akiona hapo atataka kusoma.

Nakala ya katiba yetu ninayo, njoo na flashi Jumamosi soko la Tengeru, nakaa upande wa ndizi. Na huyo mwenye lori la jasi kutoka Makanya, kabla hajapakia hata gunia moja, muulize kama ana mashine ya EFD.